Sura ya Tano: Mbuzi kwa Kilo za Unga

Isiolo, ukame huonekana sokoni kabla ya kuonekana malishoni. Siku ya mnada, mwenye jicho hana haja ya kuuliza kama mvua ilinyesha Merti au Kinna; anatazama tu ni mifugo gani imeletwa. Mwaka mzuri wanaouzwa ni beberu, maksai na ng'ombe tasa. Mwenye mali anapunguza madume apate karo, unga na sukari, kisha anarudi nyumbani na kundi lake bado lina nguvu. Mwaka ukiharibika wanaanza kuletwa mbuzi wenye mimba, mitamba, hata ng'ombe wa maziwa na ndama wake akimfuata nyuma. Hakuna mfugaji anayeuza ng'ombe wa maziwa kwa hiari yake. Ukimwona anamuuza, jua maji yamemfika shingoni.

Bei yenyewe mara nyingi huzungumzwa kwa mikono. Dalali na mnunuzi hushikana mikono chini ya shuka, vidole vikibanwa kwa namna inayojulikana na wenye biashara, na aliyesimama hatua mbili kando haambulii kitu. Mwenye mnyama huwa pembeni, kamba mkononi, akisubiri kuambiwa. Wakati wa ukame kusubiri huko kuna uchungu wake, kwa sababu wote watatu wanajua kwamba mnyama huyu harudi alikotoka. Ametembea siku mbili tatu bila nyasi; akirudishwa atalala njiani. Mnunuzi hana haraka.

Tufanye hesabu, ya mfano tu, ili mambo yaonekane. Tuseme mbuzi mzuri anauzwa shilingi 5,000 na kilo ya mahindi ni shilingi 50. Mbuzi mmoja ni kilo mia moja za mahindi, chakula cha familia kwa wiki kadhaa. Mvua ikikosa misimu miwili, mbuzi yule yule, sasa mbavu nje, anapata shilingi 2,400, na mahindi yamepanda hadi 80. Amebaki kilo thelathini. Mbuzi hajafa. Hakuna mzoga wa kupigwa picha, hakuna gari la msaada lililofika, na tayari familia imepoteza zaidi ya theluthi mbili ya chakula chake. Ili ipate kilo mia ile ile itauza mbuzi watatu na zaidi, na mwezi ujao watatu wengine, wakiwa wembamba kuliko wa kwanza. Ukame Isiolo huuza kundi kwanza, halafu ndipo huua waliobaki.

Nalisema hili mapema kwa sababu picha tuliyozoea kuiona kwenye televisheni, ya mizoga iliyotapakaa kando ya barabara ya Isiolo kwenda Moyale, hupigwa mwishoni mwa hadithi. Mambo mengi ambayo yangeweza kufanywa yalipaswa kufanywa miezi minane nyuma, wakati wanyama walikuwa hai na bei ndiyo iliyokuwa inakufa.

Kaunti ya Isiolo ina ukubwa wa zaidi ya kilomita za mraba 25,000, karibu sawa na Rwanda nzima, na sensa ya 2019 ilihesabu humo watu 268,002 tu. Mji wenyewe uko mahali ambapo mteremko wa Mlima Kenya unaishia na tambarare zinaanza, na ndiyo maana umekuwa mlango tangu zama za mkoloni: Wameru wanashuka na miraa, viazi na mboga, Waborana, Wasomali, Wasamburu na Waturkana wanaleta mifugo na maziwa. Ukiwa mjini unaweza kudanganyika kwamba mambo si mabaya, maana sukumawiki haikosekani. Toka nje. Kadiri unavyokwenda mashariki, kupitia Kula Mawe na Garba Tulla hadi Sericho, au kaskazini mashariki hadi Merti, ndivyo mvua inavyopungua, mpaka sehemu ambazo kwa mwaka mzima hazipati hata milimita 300. Huko kilimo cha kutegemea mvua ni kamari. Kile kinachoota ni nyasi na vichaka, na mwenye akili hutuma mnyama akavichume avigeuze kuwa maziwa na nyama. Ufugaji wa kuhamahama ni teknolojia ya nchi ambayo mvua yake haina anwani.

Mvua ina misimu miwili, ile ndefu ya Machi hadi Mei na ile fupi ya Oktoba hadi Desemba. Kati ya mwishoni mwa 2020 na mwishoni mwa 2022 misimu mitano ilikosa mfululizo. Jambo hilo halikuwa limeonekana kwa miaka arobaini. Na halikuwakuta watu wakiwa wamepumzika. Januari 2020 makundi ya nzige, makubwa kuliko yaliyoonekana Kenya kwa miaka sabini, yalikuwa yametua Isiolo yakala kijani kilicholetwa na mvua nzuri ya 2019. Miezi miwili baadaye ikaja korona, na masoko mengi ya mifugo yakafungwa. Halafu mvua ikakoma. Februari 2022 vita vya Ukraine vikapandisha bei ya mafuta na nafaka, na kufikia katikati ya mwaka huo pakiti ya kilo mbili ya unga ilikuwa imevuka shilingi 200 nchini, hata serikali ikalazimika mwezi Julai kutangaza ruzuku ya kuishusha hadi 100. Katika hesabu ya mbuzi na unga, namba zote mbili zilikuwa zimekwenda upande mbaya kwa wakati mmoja. Kufikia mwisho wa 2022 zaidi ya mifugo milioni 2.5 walikuwa wamekufa katika kaunti kame za Kenya, na watu wapatao milioni 4.4 walihitaji msaada wa chakula.

Kwa nini mvua ilikosa? Sehemu ya jibu ni La Niña, ile hali ya maji ya Pasifiki kupoa ambayo kwa kawaida hudhoofisha vuli yetu, na safari hii ikang'ang'ania kwa miaka mitatu. Lakini La Niña ni mgeni wa zamani. Aprili 2023 kundi la wanasayansi la World Weather Attribution, akiwamo Mkenya Joyce Kimutai, lilichapisha matokeo ya uchunguzi wake juu ya ukame huo: mabadiliko ya tabianchi yameufanya ukame wa namna hiyo uwezekane angalau mara mia moja zaidi. Sababu waliyoitilia mkazo ni joto. Mvua ndefu imepungua, ndiyo, na mvua fupi inaelekea hata kuongezeka. Lakini juu ya yote hayo hewa yenye joto zaidi inanyonya maji kutoka udongoni na kwenye majani kwa kasi mpya. Kiasi kile kile cha mvua, kama kingenyesha kwenye dunia ambayo haijapata joto hili la digrii 1.2, kisingehesabiwa kuwa ukame. Kwa maneno mengine, hata matone yaliyofika Sericho hayakukaa.

Wanaochoma makaa ya mawe na petroli walioleta joto hilo hawaishi Sericho. Hilo linajulikana, na nitaliacha hapo, kwa kuwa sura hii inahusu mambo ambayo yako mikononi mwetu.

Tuingie nyumbani. Mborana wa Isiolo hugawa mifugo yake makundi mawili. Warra ni wale wa maziwa, wanaobaki karibu na makazi pamoja na kina mama, watoto na wazee. Fora ni wale wasiokamuliwa, wanaokwenda mbali na vijana, wiki hata miezi, wakifuata nyasi. Mpango huu ni wa busara: tumbo la mtoto liko karibu na kiwele, na malisho ya jirani hayaliwi na kundi zima. Ukame ukikaza, malisho ya karibu yanakwisha na hata warra inalazimika kuondoka kwenda fora. Vijana wanaondoka nayo. Maziwa yanaondoka nayo. Mama anabaki na watoto, na punda mmoja kama ana bahati, na maji yako mbali.

Mtoto aliyekuwa anakunywa maziwa asubuhi na jioni anahamia kwenye uji wa mahindi na chai ya rangi. Anashiba, halafu anakonda. Mhudumu wa afya ya jamii anapopita na utepe wake, anauzungusha kwenye mkono wa juu wa kushoto wa mtoto, katikati ya bega na kiwiko, anavuta taratibu mpaka uguse ngozi bila kubana, kisha anasoma rangi kwenye kidirisha. Kijani ni salama. Njano ni kati ya sentimita 11.5 na 12.5. Nyekundu ni chini ya 11.5, na huyo anahitaji matibabu siku hiyo hiyo. Sentimita moja tu inatenganisha mtoto aliye salama na mtoto aliye hatarini. Wengi wanaosoma takwimu za utapiamlo hufikiri zinapima uhaba wa chakula. Kwa Isiolo mara nyingi zinapima umbali kati ya mtoto na ng'ombe aliyehama. Ningekuwa na sauti katika bajeti ya msaada, ningeanza kwa kulisha mbuzi wachache wa maziwa kwenye kila boma, kwa nyasi za marobota na pumba, kabla ya kuagiza lori la mahindi. Mbuzi wanne watano wanaokamuliwa karibu na watoto ni kazi ya hospitali.

Zamani kulikuwa na akiba nyingine. Mnyama aliyenona alichinjwa, nyama ikakatwa vipande vidogo, ikaanikwa, ikakaangwa kwa mafuta yake mwenyewe na kufunikwa kwa samli ndani ya chombo. Ndiyo nyirinyiri, na hukaa miezi. Lakini inataka mafuta, na mnyama wa ukame hana mafuta. Akichinjwa ni ngozi na mifupa, na nyama yake huliwa siku hiyo. Akiba huwekwa mwaka wa neema au haiwekwi kabisa.

Anayekunywa maziwa ya ngamia mtaani Eastleigh, Nairobi, huenda hajui kwamba yeye pia yumo katika hadithi hii. Kila siku, kutoka maboma ya Kula Mawe na kwingineko, maziwa hubebwa kwa bodaboda na pikapu hadi mjini Isiolo, ambako kina mama, wengi wao Wasomali, huyapokea, huyapima, huyapoza na kuyapakia kwenye basi. Maarufu zaidi ni ushirika wa Anolei. Kabla ya maziwa kumiminwa, mtungi hufukizwa kwa moshi wa kuni maalumu. Moshi huo huua vijidudu na kuyapa maziwa ile ladha ambayo mteja wa Eastleigh akiikosa atalalamika. Safari ya basi hadi Nairobi ni ya kilomita zipatazo 270. Biashara hii imekua sana katika kipindi hiki hiki ambacho tunakiita cha maafa, na sababu ni ngamia mwenyewe. Ng'ombe anataka maji kila siku au kila siku ya pili na hula nyasi. Nyasi ikiisha amekwisha. Ngamia anaweza kukaa wiki na zaidi bila maji, hula matawi ya juu ambayo mbuzi hawafiki, na anaendelea kutoa maziwa kiangazi kikiwa kimekolea. Ndiyo maana Waborana na Wasamburu, watu wa ng'ombe kwa nyimbo na kwa mahari, wanazidi kununua ngamia.

Lakini nisiuze ngamia kupita kiasi. Bei ya ngamia mmoja mkubwa si ya maskini, anabeba mimba miezi kumi na mitatu, na aliyepoteza ng'ombe wake wote hana cha kubadilisha. Wanaohamia kwenye ngamia ni wale ambao bado wanacho. Ukame unazidi kutenganisha tajiri na fukara ndani ya ukoo mmoja, na desturi ya Waborana ya busa gonofa, ambayo ukoo humchangia aliyefilisika wanyama wa kuanzia, inalemewa pale ambapo wanaoomba ni wengi kuliko wanaochanga. Aliyekosa anahamia mjini, anachoma makaa, anabeba mizigo, anangoja.

Waso wenyewe, yaani mto Ewaso Ng'iro, ndio uti wa mgongo wa kaunti hii. Unazaliwa kwenye Mlima Kenya na Nyandarua, unapita Laikipia, unaambaa mbuga za Samburu, Buffalo Springs na Shaba, unashuka hadi Merti na kuishia kwenye kinamasi cha Lorian. Au ulikuwa unaishia huko. Siku hizi kwa miezi kadhaa ya mwaka sehemu za chini hubaki mchanga mtupu, na watu huchimba visima humo humo mtoni. Mabadiliko ya tabianchi hayawezi kubeba lawama yote. Juu kule, kuanzia Timau na Nanyuki hadi Naro Moru, vijito vinavyoulisha mto huu vinamwagilia maua na mboga zinazopelekwa Ulaya kwa ndege, pamoja na maelfu ya mashamba madogo ya wenyeji. Kila mmoja anachota sehemu yake, wengine kwa kibali, wengine gizani. Mwisho wa foleni ndio Mborana wa Merti. Tangu 2013 jamii za bonde hilo zimekuwa zikifanya msafara wa ngamia kando ya mto, wakitembea siku kadhaa kutoka kijiji hadi kijiji, wakieleza kwa wa juu na wa chini kwamba maji haya ni mamoja. Wamepinga pia mpango wa serikali wa kujenga bwawa kubwa kwenye mto huo kwa ajili ya miji ya kesho ya mradi wa ukanda wa uchukuzi wa LAPSSET. Ukitazama ramani utawaelewa: bwawa likijazwa, nani atahakikisha kwamba Lorian inapata tone?

Hapa inanibidi nirudi nyuma, maana wageni wengi hufika Isiolo wakidhani umaskini wake umeletwa na jua. Vita vya Shifta, kati ya serikali na waliotaka kaskazini mashariki ijiunge na Somalia, 1963 hadi 1967, viliwakuta Waborana na Wasakuye katikati. Serikali changa ya Kenya iliwakusanya katika kambi, Garba Tulla, Merti na Modogashe, na kukataza mifugo kwenda mbali. Mifugo wasioweza kuhama wakafa kwa njaa wakizungukwa na nyasi za mbali wasizoruhusiwa kuzifikia. Wengine walipigwa risasi au kutaifishwa. Wazee wa Waso huita kipindi hicho gaf Daba, zama za kusimamishwa. Wasakuye, waliokuwa mabingwa wa ngamia, walitoka humo karibu mikono mitupu. Ndipo katika miaka ya 1970 ikaja miradi ya kumwagilia mashamba kando ya mto, kwa ajili ya waliofilisika, na baadhi ya vijiji vya leo vilianzia hapo. Mvua haikuhusika. Lile lililotokea katika miaka ya kufungiwa lilikuwa ukame uliotengenezwa na amri, na makundi mengine hayajawahi kurudi yalikokuwa.

Kuhama, basi, ndicho chakula chenyewe. Waborana wanalijua hilo kiasi cha kuliwekea sheria. Malisho yamegawanywa katika maeneo yanayoitwa dedha, na kila dedha ina wazee wanaoamua wapi palishwe wakati wa mvua, wapi kiangazi, na wapi pasiguswe kabisa mpaka hali iwe mbaya. Kisimani kuna msimamizi wa zamu: nani anyweshe leo, nani kesho, mgeni atapita baada ya nani. Mgeni kutoka Wajir au Garissa hakatazwi. Anatakiwa abishe hodi kabla hajaingia, atume watu, aelezwe ni wapi na kwa muda gani. Akiingia bila hodi, na siku hizi wengine huingia na bunduki, mfumo huo unapasuka, na hapo ndipo habari za mauaji zinapoanza.

Adui mwingine wa dedha ni wema wa haraka. Kila ukame huleta wafadhili na wanasiasa wenye mashine za kuchimba visima, na kisima ni kitu kizuri cha kukatiwa utepe. Kikichimbwa katikati ya malisho ya akiba, watu wanahamia hapo, shule inafuata, duka linafuata, na baada ya miaka mitano nyasi ya akiba imekuwa kijiji. Ukame ujao ukifika, hakuna pa kukimbilia. Nimewasikia wahandisi wakishangaa kwa nini wazee wanakataa maji. Wazee wanakataa maji mahali pabaya.

Kwa bahati, kaunti hii ndiyo iliyotangulia kujaribu njia nyingine. Kuanzia 2011 Isiolo ilikuwa ya kwanza nchini kuwa na mfuko wa fedha za tabianchi ambao maamuzi yake hufanywa na kamati za wadi zilizochaguliwa na wananchi. Walipopewa fedha, hawakukimbilia visima vipya. Walikarabati silanga za zamani, wakaweka uzio ili mifugo isiingie na kinyesi majini, wakawezesha mikutano na doria za wazee wa dedha. Kikao cha wazee hakina jiwe la msingi la kuzinduliwa, lakini nyasi iliyokaa miezi miwili zaidi ina thamani kuliko lori nyingi za marobota. Kaunti za Makueni, Wajir, Garissa na Kitui zikafuata, na leo mpango wa kitaifa unaotumia fedha hizo kupitia kamati za wadi umejengwa juu ya mfano huo.

Si kila fedha ya tabianchi imekuja hivyo. Kaskazini mwa Kenya, ikiwamo sehemu ya Isiolo, kuna mradi wa kuuza kaboni inayosemekana kuhifadhiwa udongoni kwa kubadilisha jinsi mifugo inavyolisha, ukiendeshwa kupitia hifadhi za jamii chini ya Northern Rangelands Trust. Miongoni mwa wanunuzi wa mwanzo ni kampuni kama Meta na Netflix. Baadhi ya wenyeji wa wadi za Chari na Cherab walikwenda mahakamani wakisema hawakuulizwa, na Januari 2025 Mahakama ya Mazingira na Ardhi mjini Isiolo iliamua kwamba hifadhi za Biliqo Bulesa na Cherab zilianzishwa kinyume cha katiba. Kwangu mimi jambo la kushangaza ni hili: mwenye utaratibu wa kulisha kwa zamu tangu enzi na enzi aliletewa mafunzo ya kulisha kwa zamu, na kaboni ikauzwa na mwingine.

Machi 2023 mvua ilirudi. Mifugo iliyokuwa imedhoofika ilikufa kwa baridi ya mvua ile ile iliyosubiriwa, jambo ambalo wafugaji wanalitarajia na watu wa mjini hawaliamini. Kisha mwisho wa mwaka El Niño ikaleta mafuriko, Ewaso ukavunja kingo zake, mashamba na barabara za Merti na Garba Tulla zikazama. Nchi ikaonekana ya kijani, na magari ya msaada yakaondoka. Lakini tazama kalenda ya mnyama. Mbuzi aliyenusurika anahitaji wiki kadhaa anenepe ndipo ashike mimba, kisha miezi mitano azae. Ng'ombe, miezi tisa. Ngamia, kumi na mitatu. Ng'ombe aliyeanza kula nyasi Aprili 2023 hakuwa na maziwa ya maana mpaka 2024. Mwaka mzima baada ya mvua, watoto wa Sericho walikuwa wakikaa katikati ya nyasi wakinywa chai ya rangi. Nao ni mwaka ambao kwa kawaida bajeti ya ukame huwa imefungwa.

Kuna vyombo vya kufanya vizuri zaidi, na vingine tunavyo tayari. Bima ya mifugo ya serikali, iliyoanza 2015 na baadaye kufika Isiolo, hutumia setilaiti kupima ukijani wa malisho na kulipa pale unaposhuka chini ya kiwango, ili mfugaji anunue lishe mnyama angali hai. Wazo ni zuri, ingawa setilaiti huona kijani tu. Haiwezi kuapa kama kijani hicho ni nyasi au ni mathenge, ule mti wa kigeni unaokaa kijani mwaka mzima na kuvamia malisho na kingo za mito. Kuna ununuzi wa dharura kupitia Kenya Meat Commission, ambao hulipa bei ya haki lakini mara nyingi hufika wanyama wakiwa hawasimami. Kuna kichinjio cha kisasa mjini Isiolo ambacho ujenzi wake ulivuta zaidi ya miaka kumi. Kingekuwa kinafanya kazi 2021, mfugaji wa Kinna angekuwa na mnunuzi wa pili, na dalali asingekuwa na raha ya kusubiri.

Na kuna Mamlaka ya Kitaifa ya Kudhibiti Ukame, NDMA, iliyoundwa 2011. Kila mwezi maofisa wake hukusanya kutoka vijijini mvua iliyonyesha, hali ya nyasi, lita za maziwa, umbali wa maji, mikono ya watoto na bei za sokoni, na kuipa kaunti daraja: kawaida, tahadhari, hatari, dharura, kupona. Onyo halikukosekana katika ukame ule. Msimu wa kwanza ulikosa mwishoni mwa 2020. Tangazo la Rais Uhuru Kenyatta kwamba ukame ni janga la kitaifa lilitolewa tarehe 8 Septemba 2021. Katikati ya tarehe hizo mbili ndimo kundi la Isiolo lilimouzwa kwa bei ya kutupa.

Taarifa hizo za kila mwezi ziko wazi kwa yeyote. Msomaji, kama una kura Isiolo, au ndugu Isiolo, au kodi yako inalipa mishahara ya wanaozisoma, itafute ya mwezi huu na uende moja kwa moja kwenye mstari wa bei, ule unaoonyesha mbuzi mmoja anapata kilo ngapi za mahindi. Ukiona umeshuka miezi miwili mfululizo, usingoje picha za mizoga. Mwulize gavana wako na mbunge wako, kwa maandishi, wamenunua mbuzi wangapi na marobota mangapi ya nyasi, na wameyapeleka wapi.